Je, mahakama ya Kenya inaweza kuitambua ndoa ya jinsia moja kama ilivyofanya ile ya Afrika Kusini?

Mdadisi wa Voi ameuliza:

Wanajukwaa, naomba msaada wa wenye kuijua sheria. Ninasimamia chama cha mdahalo katika chuo kimoja cha ualimu, na muhula huu wanachuo wamechagua wenyewe kujadili kama sheria ya Kenya inapaswa kuitambua ndoa ya watu wa jinsia moja. Sikuwazuia. Ninachotaka ni kwamba wasisimame mbele ya wenzao wakiwa na uvumi wa barazani badala ya hoja, maana katika jambo hili uvumi ni mwingi kuliko maandishi.

Tangu Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu yake ya tarehe 24 Februari 2023, nimewasikia watu wenye elimu zao, wakiwemo wahubiri na wanasiasa, wakisema kwamba majaji wameruhusu ndoa hizo nchini. Nimesoma muhtasari wa hukumu yenyewe na sikuiona ruhusa hiyo. Wengine husema kwamba ndoa hazijaruhusiwa bado ila ziko njiani, kwa kuwa hata Afrika Kusini mambo yalianza vivyo hivyo: kesi moja ndogo ikafuatwa na nyingine, hadi Bunge likajikuta halina budi kutunga sheria.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, mahakama ya Afrika Kusini ilifikaje pale ilipofika? Pili, je, mahakama zetu zinaweza kupita njia hiyo hiyo, au kuna kitu katika Katiba yetu kinachoizuia? Sitafuti wa kunieleza kama jambo hili ni jema au ni baya, kwani hilo ndilo wanachuo watakalolijadili wenyewe.

Wakili Mstaafu, Mombasa:

Mwalimu, umesoma sawasawa. Hukumu ya Februari 2023 haikuhusu ndoa. Ilihusu usajili wa shirika. Bodi iliyokuwa ikisajili mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa kulisajili shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, ikisema kwamba jina lake halikubaliki na kwamba vifungu vya 162, 163 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinayafanya matendo yao kuwa jinai. Mwombaji, wakili Eric Gitari, alishinda katika Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda katika Mahakama ya Rufaa mwaka 2019, na hatimaye akashinda katika Mahakama ya Juu kwa majaji 3 dhidi ya 2. Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu, pamoja na majaji Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u, walisema kwamba uhuru wa kujumuika ulio katika kifungu cha 36 cha Katiba ni wa kila mtu, na kwamba marufuku ya ubaguzi kwa misingi ya jinsia katika kifungu cha 27(4) inahusu pia mwelekeo wa kimapenzi wa mtu. Majaji Mohammed Ibrahim na William Ouko walipinga. Vifungu vya Kanuni ya Adhabu havikufutwa, na ndoa haikuruhusiwa. Mbunge George Peter Kaluma aliomba hukumu hiyo ipitiwe upya, ombi lake likatupwa mwezi Septemba mwaka huo huo, na kelele zikaanza tena kana kwamba imetoka hukumu nyingine.

Tuje Afrika Kusini. Katiba yao ya mwaka 1996, katika kifungu cha 9(3), inautaja mwelekeo wa kimapenzi kwa jina miongoni mwa mambo ambayo serikali hairuhusiwi kumbagulia mtu, na ulinzi huo ulikuwamo hata katika katiba ya mpito ya mwaka 1993. Katiba hiyo hiyo haisemi popote kwamba ndoa ni ya nani na nani. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, yaani ulinzi uliotajwa waziwazi na ukimya juu ya maana ya ndoa, utaona kwamba majaji walikuwa na mahali pa kusimama na hawakuwa na ukuta mbele yao.

Hata hivyo hawakuanza na ndoa. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria zilizofanya mapenzi ya wanaume wawili watu wazima kuwa kosa. Mwaka 1999 ikasema kwamba mgeni anayeishi na raia wa jinsia yake katika uhusiano wa kudumu apewe nafasi ya uhamiaji wanayopewa wake na waume wa raia. Mwaka 2002 jaji mmoja mwanamke alidai mwenzake wa kike apate mafao ambayo mke au mume wa jaji huyapata, akashinda. Na mwaka huo huo wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto pamoja wakaruhusiwa kuwaasili kwa pamoja. Kila kesi ilikuwa na mtu halisi aliyenyimwa kitu halisi, na kila hukumu ilijibu tatizo hilo moja tu. Kesi ya ndoa ilipofika, sehemu kubwa ya nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa, na kilichobaki ni paa.

Kesi yenyewe inajulikana kama kesi ya Fourie. Wanawake wawili waliokuwa wakiishi pamoja tangu mwaka 1994 walitaka ndoa yao iandikishwe. Ningependa wanachuo wako wakitazame kwa karibu kikwazo walichokutana nacho, kwa sababu hakikuwa hotuba ya mtu wala kanuni ya maadili. Kilikuwa kiapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961, katika kifungu cha 30, inamwekea mfungishaji ndoa maneno ya kumwuliza kila mmoja, na maneno hayo yanaishia kwa kumtaka amkubali mwenzake kuwa mke wake halali, na katika mabano, "au mume". Mahakama Kuu ya Rufaa ilipoipanua maana ya ndoa mnamo Novemba 2004, ilijikuta imetoa haki isiyotekelezeka, kwa sababu kiapo kile kilibaki kama kilivyo na hakikuwa na nafasi kwa mwanamke anayemwoa mwanamke.

Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi wa mwisho. Hukumu iliandikwa na Jaji Albie Sachs, yule mpigania uhuru aliyepoteza mkono katika bomu la Maputo mwaka 1988. Alisema kwamba sheria ile inakiuka usawa, lakini hakuibadilisha siku hiyo. Alilipa Bunge miezi 12 kurekebisha, na akasema kwamba muda ukipita bila marekebisho, maneno "au mwenzi" yatahesabiwa kuwa yameongezwa katika kiapo. Jaji Kate O'Regan alikubaliana naye kuhusu haki yenyewe, ila aliona kwamba hapakuwa na sababu ya kusubiri hata siku moja. Bunge lilipitisha Sheria ya Muungano wa Kiraia kwa kura 230 dhidi ya 41 mnamo Novemba 2006, baada ya rasimu ya kwanza, iliyotaka kuwatengea watu hawa kitu kisichoitwa ndoa, kukataliwa. Na sheria ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba, siku moja tu kabla ya muda kwisha.

Sasa Kenya. Kifungu cha 45(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, katika kifungu cha 3, inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Majaji wa Afrika Kusini walikuwa na sheria ya Bunge tu ya kuipima dhidi ya Katiba. Majaji wetu wana sheria ya Bunge inayosema kile kile kinachosemwa na Katiba. Huwezi kuiambia mahakama itamke kwamba Katiba imekiuka Katiba.

Kuna wanasheria wanaojibu kwamba kifungu cha 45(2) kinatoa haki tu, hakikatazi kitu, na kwamba aliyetaka kukataza angeandika kama Waganda, ambao mwaka 2005 waliongeza katika kifungu cha 31 cha katiba yao maneno yanayosema waziwazi kwamba ndoa ya jinsia moja imepigwa marufuku, au kama Warundi, ambao nao wameandika marufuku hiyo katika katiba yao. Hoja hiyo ni ya akili na wanachuo wako waijue. Binafsi siioni ikishinda. Mnamo tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu, Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo, walikataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, na mojawapo ya sababu zao ilikuwa hofu kwamba kuvifuta kungefungua njia kwa miungano ambayo kifungu cha 45(2) hakiikubali. Walalamishi walikuwa wamesema wazi kwamba hawaombi ndoa. Ikiwa kifungu hicho kilitosha kuwazuia watu ambao hawakuomba ndoa, mwenye kuiomba atapitia wapi?

Kwa hiyo mtu akisema kwamba majaji wataingiza ndoa hizi nchini kwa mlango wa uani, mwombe akuonyeshe mlango huo uko katika kifungu gani. Njia iliyopo ni kuibadilisha Katiba, na kwa kuwa kifungu cha 45 kimo ndani ya Sheria ya Haki, yaani sura ya Katiba inayolinda haki za msingi, kifungu cha 255 kinadai kura ya maoni.

Mzee wa Tabora:

Nimemsoma wakili kwa makini na ninamshukuru, kwa sababu amenithibitishia jambo ambalo sisi wazee tumekuwa tukilisema. Huko Afrika Kusini wananchi hawakuulizwa. Majaji walitoa amri, Bunge likatii, na chama tawala kikawataka wabunge wake wapige kura kwa msimamo wa chama hata wale ambao dhamiri zao zilikataa. Jacob Zuma mwenyewe alizisema vibaya ndoa hizo hadharani mwaka 2006, kisha akalazimika kuomba radhi. Mimi si mshabiki wake, lakini ninaamini kwamba siku ile alikuwa akisema yaliyokuwa mioyoni mwa watu wengi wa nchi yake.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekwisha kusema katika kifungu cha 9 kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu muda wa maisha yao. Sheria hiyo ilizikusanya ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, na katika mambo yote ambayo dini na mila hizo zinatofautiana, hili halikuwa mojawapo. Ndoa ilikuwapo kabla ya serikali. Wazee wa pande mbili wanakaa, mahari inazungumzwa, dua inasomwa, na karani wa serikali anakuja mwishoni kabisa kuandika kilichokwisha kufanyika. Sioni mwandishi anapata wapi mamlaka ya kubadilisha maana ya kile anachokiandika.

Sisemi kwamba watu hawa wapigwe au wafukuzwe makwao. Sisemi hivyo, na anayewafanyia hivyo hana dini. Ninasema kwamba jina la ndoa lina wenyewe.

Binti wa Kapsabet:

Shikamoo mzee. Kwa heshima, naomba niongeze kitu kwenye hoja yako ya mila, kwa sababu mila zetu hazikuwa nyepesi kiasi hicho.

Kwetu Wanandi, mwanamke aliyefikia umri wa uzee bila kupata mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwingine. Alitoa mahari kama atoavyo mwanamume, sherehe ikafanywa, na tangu siku hiyo jamii ikamhesabu kuwa mume wa nyumba ile. Watoto aliowazaa yule mke wakawa watoto wa nyumba ya mwoaji na warithi wa mali yake. Wakisii na Wakamba wanayo desturi ya namna hiyo, na Wakuria wa mkoani Mara, ambao ni Watanzania wenzako, wanaiita nyumba ntobhu. Nimewaona bibi wa namna hiyo kijijini. Hakuna aliyewanong'ona, na mtu aliyewaita kwa majina ya kejeli angelipishwa faini na wazee.

Suala hili lilifika Mahakama Kuu ya Mombasa katika kesi ya Katam dhidi ya Chepkwony, iliyoamuliwa na Jaji J. B. Ojwang mwaka 2011. Bibi aliyeoa alikuwa amefariki, na wengine wakadai urithi dhidi ya mke aliyebaki na watoto wake. Jaji aliitambua ndoa ile chini ya mila ya Kinandi, akasema kwamba Katiba mpya imeipa mila nafasi ya heshima, na mke pamoja na watoto wakahesabiwa kuwa ndio walio karibu zaidi na mali ya marehemu. Angalieni tarehe: Katiba yenye kifungu cha 45(2) ilikuwa imekwisha kuzinduliwa Agosti 2010.

Mwalimu, najua kwamba wanachuo watakimbilia mfano huu wakisema kwamba Waafrika walikuwa na ndoa za jinsia moja tangu zamani. Wakisema hivyo watakuwa wameichukua nusu tu. Ndoa ile haikuwa ya mapenzi kati ya wale wawili. Ilikuwa njia ya kuhakikisha kwamba nyumba haifi na ardhi haipotei, na mke alizaa na mwanamume aliyekubalika na mwoaji. Lakini anayedai kwamba mila ya Kiafrika daima ilimtaka mwanamume na mwanamke ndipo pawe na ndoa, naye ameichukua nusu ya pili na kuiacha ya kwanza. Kwa maoni yangu, kesi ile inaonyesha kwamba sheria ya Kenya iliweza kumwita mwanamke mume pale ilipokuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo, na sababu hiyo ilikuwa mirathi.

Karani wa Cape Town:

Mimi ni Mkenya ninayefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili wa uhamiaji hapa Cape Town, kwa hiyo nitasema juu ya yale yanayopita mezani kwangu.

Mzee wa Tabora anasema kwamba serikali huja mwishoni kuandika tu. Laiti ingekuwa hivyo, ofisi yetu isingekuwa na kazi. Cheti cha ndoa ndicho anachokitumia mke wa kigeni kuomba kibali cha kuishi kama mwenzi. Ndicho kinachoonyeshwa kwenye mfuko wa pensheni mmoja anapofariki, ndicho kinachoamua nani anagawana nini wakiachana, na hospitalini, mgonjwa akiwa hawezi kusema, ndicho kinachomrahisishia mtu kutambuliwa miongoni mwa wanaoweza kutoa idhini kwa niaba yake. Hayo yote hayatoki kwa kadhi wala kwa padri. Yanatoka serikalini, na mtu asiye na karatasi hulazimika kuuthibitisha uhusiano wao kwa njia nyingine hata kama wameishi pamoja kwa furaha maisha yao yote; zamani ilibidi aende mahakamani kuyadai moja baada ya jingine, kama wakili alivyoeleza kuhusu miaka ile ya 1998 hadi 2002.

Kuhusu dini, watu wengi huko nyumbani huamini kwamba sheria ya 2006 ililazimisha makanisa. Haikulazimisha. Dhehebu linalotaka kufungisha ndoa chini ya sheria hiyo ndilo linaloomba kibali, na lisiloomba linaendelea na kazi yake kama zamani. Mfano wake unajulikana: binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, ambaye alikuwa kasisi wa Kianglikana, alipofunga ndoa na mwanamke wa Kiholanzi, serikali haikuwa na neno naye, lakini kanuni za kanisa lake hazikumruhusu na aliirudisha leseni yake ya ukasisi mwaka 2016. Baba yake alikuwa na jina kubwa kuliko makasisi wote wa nchi hii, na bado kanisa lilibaki na kanuni yake.

Penye mvutano halisi ni kwa watumishi wa serikali. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kilimruhusu ofisa wa ndoa kuandika barua kwa waziri na kusema kwamba dhamiri yake haimruhusu kuwafungisha watu wa jinsia moja. Mamia ya maofisa waliandika. Matokeo yake ni kwamba katika miji midogo watu walifika na vitambulisho vyao na mashahidi wao wakaambiwa kwamba ofisa anayeweza kuwahudumia hayupo, wajaribu mji mwingine. Mwaka 2020 Bunge lilikifuta kifungu hicho. Hapo ndipo mimi ningewapeleka wanachuo, mwalimu, kwa sababu pande zote mbili zina la kusema: mtumishi ana dhamiri, na mwananchi analipa kodi ya ofisi ile ile.

Jambo jingine ambalo halijatajwa ni Namibia. Tarehe 16 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mtu aliyefunga ndoa na raia wa Namibia kihalali huku Afrika Kusini ni mwenzi wake kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji, hata kama wote ni wanaume. Haikusema kwamba Namibia ifungishe ndoa hizo. Ilisema tu kwamba ndoa iliyo halali ilipofungwa isikataliwe mpakani. Bunge lilikasirika, na katika muda wa miezi michache likapitisha miswada ya kuifuta athari ya hukumu hiyo. Mwaka 2024 Rais akatia saini sheria mpya ya ndoa inayomtambua mume na mke tu. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha upande mwingine wa hadithi ya Afrika Kusini: pale ambapo Bunge halikubaliani na majaji, lina njia zake.

Mdadisi wa Voi:

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwa mzee ambaye hatukubaliani katika kila jambo lakini maneno yake kuhusu kutowapiga watu nitayasoma mbele ya wanachuo kama yalivyo. Nina swali dogo la mwisho kwa wakili. Mfano wa Namibia umenifanya nifikiri: Wakenya wawili wakifunga ndoa Cape Town kisha wakarudi Nairobi, wanakuwa nani mbele ya sheria? Na kama si wanandoa, je, mmoja akifariki mwenzake anaondoka mikono mitupu?

Wakili Mstaafu, Mombasa:

Mbele ya sheria ya Kenya wanakuwa watu wawili wasiooana. Sheria ya 2014 inazitambua ndoa za ng'ambo kwa masharti, lakini masharti hayo yamekaa ndani ya sheria ambayo imekwisha kusema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na nyuma yake kuna kifungu cha 45(2). Katiba ya Namibia katika kifungu cha 14 inazungumzia wanaume na wanawake kuwa na haki ya kuoana, bila kutamka kwamba lazima awe mtu wa jinsia tofauti, na hiyo ni tofauti kubwa kwa jaji.

Wala hawawezi kutegemea kule kuhesabiwa wanandoa kwa kuishi pamoja, ambako mahakama zetu zimekuwa zikiwapa mwanamume na mwanamke walioishi kama mke na mume bila cheti. Mnamo Januari 2023, mwezi mmoja kabla ya hukumu ya usajili, Mahakama ya Juu ilikwisha kuyabana masharti ya jambo hilo hata kwa mwanamume na mwanamke.

Haondoki mikono mitupu ikiwa walijipanga mapema. Sheria ya Urithi inamruhusu mtu mzima mwenye akili timamu kumwachia mali yake yeyote amtakaye kwa wosia, na haimwulizi huyo ni nani wake. Wanaweza kununua ardhi kwa majina mawili, kila mmoja akiwa na sehemu yake ambayo anaweza kumwachia mwenzake kwa wosia. Anaweza kutajwa kuwa mnufaika kwenye bima ya maisha. Ila mmoja akifa bila wosia wala mtoto, mali inawaendea wazazi na ndugu kwa utaratibu wa sheria, na yule aliyekuwa akilipa nusu ya mkopo wa nyumba atabaki kutafuta risiti zake. Hata penye wosia, watu waliokuwa wakimtegemea marehemu wanaweza kwenda mahakamani kudai kwamba wamesahauliwa, na nimeshuhudia kesi za namna hiyo zikivuta miaka hata miongoni mwa mke na mume wa kawaida.

Nimjibu pia Binti wa Kapsabet kwa ufupi: kesi ya Katam iliamuliwa kabla ya Sheria ya Ndoa ya 2014, na sheria hiyo, ilipoziweka ndoa za kimila chini ya ufafanuzi mmoja wa mwanamume na mwanamke, iliiacha desturi ya Wanandi mahali pagumu. Mtu akileta kesi kama ile leo, jaji atakuwa na kazi ya kupatanisha kifungu cha 11 cha Katiba kinachoienzi mila na kifungu cha 3 cha sheria hiyo. Ningependa kuisikiliza.

Kuhusu maneno ya mada yako, mwalimu, nisingeandika kwamba "mahakama iruhusu ndoa ya jinsia moja", kwa sababu upande wa kuunga mkono utakuwa umeshindwa kabla ya kufungua kinywa. Andika kwamba kifungu cha 45(2) kibadilishwe kwa kura ya maoni. Upande wa kuunga mkono utalazimika kueleza utakavyowashawishi walio wengi, huku angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wakijitokeza katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti 47, kama kifungu cha 255 kinavyotaka. Upande wa kupinga nao utalazimika kujibu lile alilolileta karani wa Cape Town: katika pensheni, mirathi, idhini ya hospitali na kibali cha kuishi, ni kipi kinachopaswa kubaki cha wanandoa peke yao, na kwa sababu gani.